Kemia Iliyopanga Foleni Malaba

Juzi nilikwenda Malaba kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Baada ya Magharibi nikamkuta mwanawe wa kidato cha pili anakariri: oktani ikiungua na oksijeni hutoa kabonidayoksaidi na maji.

"Hiyo oktani umeiona wapi?" nikamuuliza.

"Kitabuni tu, Mjomba."

Na nje, hatua chache kutoka mlangoni, malori ya mafuta yamepanga foleni kuingia Uganda!

Asubuhi nikamtoa nje. Mafuta haya hushushwa kwetu Mombasa, hupita kwenye bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha malori huyapeleka Malaba na Busia. Nyuma ya tangi huwa na kibao chenye nambari inayotambulika duniani kote: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Huko ndiko kuzitambua kemikali bila kuzionja wala kuzinusa.

Petroli si kampaundi moja. Ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi za kaboni na haidrojeni, na oktani ni mojawapo. Ikimwagika, hugeuka mvuke haraka. Hapo hakuna mmenyuko wa kikemia, kwani mvuke ule bado ni petroli ile ile. Mmenyuko huanza cheche inapogusa mvuke uliochanganyika na hewa. Dalili zake ni joto, mwanga, na vitu vipya ambavyo huwezi kuvirudisha kuwa petroli.

Mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi ndipo mvuke wake ushike moto. Petroli hushika hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini, mitaroni, ukiifuata cheche iliyo mbali. Ukisikia harufu, jua mvuke umeshakufikia.

Kutoijua tofauti hii kumetuua. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, zaidi ya watu 100 walikufa lori lililoanguka lilipolipuka wakati watu wanachota mafuta. Julai 2021, watu 13 walikufa Malanga, Siaya, kwenye barabara hii hii ya Kisumu kwenda Busia. Wengi husema ni umaskini. Ni kweli, lakini maskini naye ana haki ya kujua kwamba ndoo anayoijaza inatoa moto usioonekana.

Walimu wa mpakani, watoeni watoto darasani, wasome vibao wakiwa mbali na barabara. Na lori likianguka, wajue la kufanya: wasiwashe pikipiki, wasishike simu, wakimbilie upande upepo unakotoka, mahali pa juu.

Tulipokuwa tunarudi, mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, kumbe hatari huanza kabla ya moto."

Somo limeingia, alhamdulillahi.