Wafanyabiashara wa Likasi na siku moja visiwani: samaki wanaolisha watu bila kuvuliwa

LIKASI, Haut-Katanga – Mfanyabiashara wa Likasi anayekwenda kuchukua bidhaa Dar es Salaam ana safari ya zaidi ya kilometa 2,000 mbele yake. Anapita Lubumbashi, anavuka mpaka Kasumbalesa, anaikata Zambia hadi Nakonde, anaingia Tanzania kwa mlango wa Tunduma, kisha Mbeya, Morogoro na bahari. Ni njia ya malori yanayobeba shaba na kobalti ya Katanga kwenda bandarini. Akisha kufika, siku zake zinaishia Kariakoo: kulinganisha bei, kufunga mizigo, kungojea kontena na karatasi za forodha.

Katika kungojea huko, mara nyingi inapatikana siku moja isiyo na kazi. Na karibu kabisa na jiji hilo, kwa mwendo wa mashua usiofika saa moja, kuna visiwa ambako mtu anaweza kulaza uso juu ya maji, kupumua kwa mrija, na kutazama samaki wakiishi kwao. Watalii wa Ulaya na Marekani wanavuka dunia kwa ajili ya jambo hilo. Mkongomani aliyelala Kariakoo yuko karibu nalo kuliko wao wote.

Siku hiyo inavyokwenda inafaa kujulikana, na pia sababu yake kuhusu wakaaji wa mji wa migodi kama wetu.

Visiwa vilivyofungwa tangu 1975

Mwaka 1975, mwaka ambao mafundi walimaliza kutandika reli ya TAZARA toka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, serikali ya Tanzania ilitangaza visiwa vinne vya mbele ya jiji kuwa hifadhi: Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Sheria ya mwaka 1994 ikaongeza nguvu kwa kuweka kitengo cha serikali cha kusimamia hifadhi za bahari. Tangu hapo, mgeni anayeshuka kisiwani analipa kiingilio, na uvuvi ndani ya mipaka ya hifadhi umekatazwa.

Mashua za Bongoyo huondoka upande wa Msasani na hutumia kama nusu saa. Za Mbudya huondoka kwenye fukwe za Kunduchi, na huko ni karibu zaidi. Kisiwani kuna mchanga mweupe, vibanda vya makuti, na watu wanaochoma samaki na kukaanga viazi. Mbudya ina mibuyu na kaa wakubwa wanaopanda minazi. Ni mahali ambapo wakaaji wa Dar wenyewe huenda na watoto wao siku ya mapumziko.

Kinacholeta watu wenye miwani na mirija kiko chini ya maji: matumbawe. Ukiyaona mara ya kwanza utasema ni mawe. Kumbe ni wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wanaoishi pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa. Kazi yao ni ya polepole. Matumbawe manene huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kichwa chenye kimo cha meta moja kinaweza kuwa na umri wa miaka mia. Katika nyufa zake samaki hujificha, hutaga mayai na kulea watoto. Yupo pono, samaki wa rangi nyingi mwenye meno kama mdomo wa kasuku. Anakwaruza chakula juu ya matumbawe, na unga wa chokaa unaomtoka ndio sehemu ya mchanga mweupe ambao watalii hulalia ufukoni.

Kazi ya kiongozi

Mtu aliyekulia Likasi anaweza kuwa hajui kuogelea kabisa, na hapo ndipo kiongozi wa safari anapopata umuhimu wake. Kiongozi mzuri huanza nchi kavu. Anaweka miwani usoni mwa mgeni bila kufunga mkanda, anamwambia avute pumzi kwa pua. Miwani ikibaki imeshika, inamfaa. Kisha anampeleka kwenye maji ya kiuno na kumfundisha kupumua kwa mdomo tu, polepole. Maji yakiingia ndani ya mrija, mgeni anapuliza kwa nguvu na yanatoka. Asiyejua kuogelea anabaki na jaketi la kuelea mwilini tangu mwanzo hadi mwisho, na wala si aibu: kutazama samaki kwa mrija hakuhitaji kuzama, kunahitaji kuelea tu.

Kiongozi pia anajua jambo ambalo mtu wa ziwa na mto hakulizoea, yaani kupwa na kujaa kwa bahari. Kila siku maji huondoka na kurudi mara mbili. Saa ya kupwa, mahali palipokuwa na kina panabaki matumbawe matupu yanayokata miguu, na wanyama wenye miiba mirefu myeusi kama nungu. Saa ya kujaa, mkondo unaweza kumsogeza mtu mbali bila yeye kusikia. Majira nayo yana maneno. Upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwa kawaida huacha bahari tulivu na maji yenye kuonyesha. Mvua za masika huleta tope toka mitoni, na upepo wa kusi, katikati ya mwaka, huinua mawimbi.

Katika Kongo hatuhitaji kufundishwa uzito wa mambo haya. Oktoba 3, 2024, mashua iliyojaa kupita kiasi ilipinduka kwenye ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, na watu makumi wakafa mbele ya macho ya jamaa zao. Basi kabla ya kupanda mashua yoyote ya kwenda kisiwani, mgeni ahesabu majaketi na ahesabu watu. Yakipungua, ashuke. Siku itapatikana nyingine.

Baruti chini ya maji

Miaka mingi, pwani ya Tanzania ilikuwa na uvuvi wa baruti, na maji ya Dar es Salaam yalikuwa kati ya yaliyoumia sana. Mvuvi hutupa chupa yenye baruti, mlipuko unaua samaki wote wa karibu, wakubwa na watoto, naye anaokota wale wanaoelea. Wengi huzama na kuoza bure. Matumbawe hugeuka kifusi, na samaki hawarudi kwenye kifusi.

Baruti hiyo haikutengenezwa baharini. Sehemu yake ilitoka kwenye migodi, machimbo ya mawe na kazi za barabara. Katikati ya miaka ya 2010 serikali ya Tanzania iliunganisha polisi na vyombo vingine katika kikosi kimoja cha kupambana nayo, na milipuko ikapungua sana. Likasi inaijua baruti: inapasua mwamba, shaba inatoka, mishahara inalipwa. Lakini mwamba uliopasuliwa haujijengi tena, na matumbawe yanahitaji maisha ya watu wawili watatu kujijenga.

Chumbe: wavuvi waliogeuka walinzi

Mfano unaotajwa sana uko mbele kidogo, Zanzibar. Mwenye siku mbili tatu anaweza kuvuka kwa boti ya abiria toka Dar, kisha toka Mbweni, karibu na Mji Mkongwe, achukue mashua ya kisiwa cha Chumbe. Ni kisiwa kidogo chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Zamani wavuvi hawakuruhusiwa kukikaribia, maana kiko karibu na njia ya meli na eneo la jeshi. Kwa hiyo matumbawe yake yalibaki mazima. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliyafanya hifadhi na kuyakabidhi kwa kampuni ndogo isiyotafuta faida. Ilikuwa hifadhi ya bahari ya kwanza duniani kuendeshwa na watu binafsi.

Walinzi wa kwanza walichaguliwa kati ya wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawakupewa bunduki. Walifundishwa majina ya samaki, namna ya kuongoza wageni majini, na namna ya kuzungumza na mvuvi mwenzao aliyevuka mpaka. Wageni wanaolala kisiwani hawazidi 18 kwa usiku. Maji ya kuoga ni ya mvua, umeme ni wa jua, na hakuna anayeingia majini bila kiongozi. Pesa za wageni hulipa walinzi na pia safari za wanafunzi wa Zanzibar, ambao wengi wao walizaliwa kisiwani lakini hawakuwahi kutazama chini ya bahari yao. Leo zimehesabiwa huko aina zaidi ya 400 za samaki na karibu 200 za matumbawe.

Mpango huo una udhaifu wake. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, hifadhi zinazotegemea watalii peke yao zilibaki na walinzi bila wa kuwalipa. Joto la bahari nalo haliheshimu mpaka: mwaka 1998 matumbawe ya Bahari ya Hindi yaligeuka meupe na mengi yakafa, na joto la 2016 likarudia kuyaumiza. Tena kuna mahali ambapo wavuvi walifukuzwa kwenye maji ya babu zao bila kupewa kazi nyingine. Huko hifadhi ilibaki karatasi, kwa sababu mtu mwenye watoto wenye njaa havutiwi na rangi za samaki.

Na pasipo kikomo, watalii wenyewe huharibu. Kisiwa cha Mnemba, kaskazini mwa Zanzibar, hufikiwa na mashua nyingi sana kwa siku moja, nanga zinadondoshwa, miguu inakanyaga. Mgeni anayetaka kuacha mahali salama afuate kanuni nne: asisimame juu ya matumbawe, asiguse, asiokote kombe, na avae fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua, kwani dawa za baadhi ya mafuta hayo huyadhuru matumbawe.

Na maji yetu?

Likasi ina ziwa lake. Ziwa Changalele lilizaliwa baada ya mto Lufira kuzibwa pale Mwadingusha, na bwawa hilo lilianza kutoa umeme wa viwanda mwaka 1930. Samaki wa Kapolowe wanaoliwa na bukari katika nyumba za Kikula na Panda wanatoka humo. Bonde hilo la Lufira liliingizwa mwaka 1982 katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za uhai. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipopima maji, majani na samaki wa bonde la juu la Lufira, walikuta shaba, kobalti na vyuma vingine, alama ya maji machafu yanayoteremka toka viwandani. Hakuna mtu atakayeleta mtalii na mrija katika maji hayo, na pia kuna kichocho. Cha haraka zaidi kuliko mtalii ni afya ya mtoto anayekula samaki huyo.

Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Asilimia 45 hivi ya ziwa hilo ni ya Kongo, kuliko nchi yoyote kati ya nne zinazoligawana. Lina kina cha meta 1,470, na maji yake ni meupe kiasi kwamba penye utulivu mtu huona mawe mbali sana chini yake. Kwenye mawe hayo kuna samaki wadogo wa rangi, aina karibu 250 za jamii moja, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengine hulea watoto wao mdomoni. Watu wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa bei kubwa ili kuwafuga ndani ya vioo.

Upande wa Tanzania, kwenye visiwa vya Kipili, na upande wa Zambia, karibu na hifadhi ya Nsumbu, wageni tayari wanalipa kuongozwa na miwani na mrija kati ya samaki hao. Mwambao wa Moba na Kalemie una mawe kama hayo. Kinachokosekana kinajulikana na kila dereva: barabara, usalama, mashua za kuaminika, na mtu anayejua ni ghuba gani ina mamba na ipi ina viboko. Ziwa lenyewe nalo limechoka kwa nyavu za macho madogo na vyandarua vya mbu vinavyokokota watoto wa samaki ufukoni. Ndiyo sababu, kufuatana na mapatano ya nchi hizo nne, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka Mei 15 hadi Agosti 15, 2024.

Kwa mfanyabiashara anayefunga mizigo wiki hii kwenda Dar, mambo ni mafupi. Karti ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni, maana mtu anayetoka Kongo huulizwa mpakani. Aulize bei ya mashua na ya kiingilio kabla ya kupanda, na adai risiti ya kiingilio, kwa kuwa pesa hiyo ndiyo inayolinda kisiwa. Akisha kuwa majini amuulize kiongozi wake alikuwa akifanya kazi gani zamani. Akijibu kwamba alikuwa mvuvi, amwombe asimulie. Hadithi hiyo inahitajika Moba na Kapolowe kuliko picha yoyote ya simu.