Majeshi ya nchi nyingi yasipokuwa na mtandao mmoja, askari hulipa kwa damu

MAJESHI ya mataifa mbalimbali yanapokubaliana kupigana bega kwa bega, wananchi huelezwa idadi ya askari, ndege na vifaru ambavyo kila nchi imeahidi kutoa. Ni nadra sana kuelezwa iwapo askari hao wataweza kuandikiana barua pepe wakifika vitani.

Jambo hilo huonekana dogo, la kuachiwa mafundi wa tarakilishi. Hata hivyo, mara nyingi ndilo huamua kama aliyejeruhiwa ataokolewa au atakata roho akisubiri helikopta, na kama rubani atatambua kwamba walio chini yake ni marafiki wala si maadui.

Mnamo Aprili 2002, rubani wa ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-16 aliwaangushia bomu wanajeshi wa Canada waliokuwa katika mazoezi ya usiku ya kulenga shabaha mahali paitwapo Tarnak Farm, karibu na mji wa Kandahar, Afghanistan. Wanne waliuawa na wanane wakajeruhiwa.

Wachunguzi walimtwika rubani lawama kuu kwa kushambulia kabla ya kuruhusiwa. Aidha, ilibainika kwamba marubani hawakuwa wamefahamishwa kuhusu mazoezi hayo. Habari zilikuwepo, lakini hazikuwafikia waliozihitaji.

Mkasa huo ulitokea wakati muungano wa kijeshi nchini humo ungali mdogo. Kikosi cha kimataifa cha ISAF, kilichoidhinishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2001, kiliwekwa chini ya uongozi wa Shirika la Kujihami la Nchi za Magharibi, NATO, mnamo Agosti 2003. Kadiri miaka ilivyosonga, kiliongezeka hadi kuwa na askari zaidi ya 130,000 kutoka takriban mataifa 50.

Kila jeshi kubwa lilifika na mtandao wake wa siri. Marekani ilikuwa na wake, Uingereza wake, na Canada vilevile. Mitandao hiyo haikuruhusiwa kugusana, kwa kuwa sheria za usiri za kila nchi zilikataza mgeni kuchungulia, hata akiwa mshirika wa miaka mingi.

Matokeo yake ni kwamba afisa mmoja katika makao ya kikosi aliweza kuwa na tarakilishi kadhaa mezani, kila moja ya mtandao tofauti. Alisoma ujumbe kwenye moja, akageuza kiti, kisha akauandika upya kwenye nyingine. Tarakimu moja ya ramani ikikosewa katika kunakili huko, kombora au helikopta huelekezwa kwingine.

Uzito wa hali hiyo ulionekana zaidi katika kuwaokoa majeruhi. Juni 2009, Robert Gates, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliamuru kwamba askari mwenye majeraha mabaya afikishwe kwa madaktari katika muda usiozidi dakika 60 tangu ombi litolewe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba muda wa kawaida wa kumsafirisha majeruhi ulipungua kutoka dakika 90 hadi 43 baada ya amri hiyo.

Helikopta zaidi na hospitali zilizosogezwa karibu na uwanja wa vita zilichangia pakubwa. Lakini helikopta haiwezi kupaa kabla ya ombi kuifikia. Ikiwa majeruhi ni Mwingereza, rubani ni Mmarekani na daktari anayewasubiri ni wa taifa la tatu, ombi hilo lazima livuke mipaka ya mitandao mitatu. Kila mpaka hula dakika za mtu anayevuja damu.

Jenerali Stanley McChrystal alipochukua uongozi wa ISAF Juni 2009, suala la mtandao wa pamoja lilipewa kipaumbele. Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa wa Marekani yenyewe. Ikiwa na askari wengi kuliko washirika wote, ilikubali kuhamisha mipango na amri zake za kila siku za vita kutoka mtandao wake wa siri hadi ule wa washirika. Bila hatua hiyo, mtandao wa pamoja ungekuwa ganda tupu ambalo habari muhimu hazipiti.

Mtandao huo, ulioitwa Afghanistan Mission Network, ulianza kazi Julai 2010. Wengi hudhani ulikuwa mtambo mmoja mkubwa uliojengwa na NATO na kugawiwa kila mtu. La hasha. Kila taifa lililojiweza lilibaki na mitambo yake, mafundi wake na gharama zake, kisha likauunganisha mtandao wake na kitovu cha NATO. Marekani ilijiunga kwa mtandao wa CENTRIXS-ISAF na Uingereza kwa ule wa Overtask. Italia, Canada na nchi nyingine zilikuja na mitandao yao pia.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Afrika Mashariki ni wikio, lile daraja la ghorofani ambalo katika mji wa kale wa Lamu huunganisha nyumba mbili za jamaa juu ya kichochoro. Kila nyumba ina mlango na ufunguo wake, na kuna vyumba ambavyo jamaa hawaingii. Lakini palipo na wikio, wa nyumba hii humfikia wa nyumba ile bila kushuka barabarani.

Ili wikio hilo lipitike, mataifa yalihitaji kukubaliana kuhusu huduma chache za msingi. Miongoni mwazo ni barua pepe, simu zinazopitia mtandaoni, mikutano kwa njia ya video, kurasa za habari na vyumba vya gumzo la maandishi.

Gumzo la maandishi ndilo lililowashangaza wengi. Huduma hiyo, ambayo vijana huitumia kupiga soga, iligeuka kuwa uti wa mgongo wa vita. Mwenye kuomba helikopta, msimamizi wa mizinga na afisa wa anga waliweza kusoma mstari mmoja kwa wakati mmoja. Afisa kutoka nchi isiyozungumza Kiingereza, ambaye huenda asielewe sauti inayokwaruza redioni, aliweza kuusoma ujumbe mara mbili akauelewa. Isitoshe, maandishi hubaki kama ushahidi wa nani alisema nini na saa ngapi.

Chini ya huduma hizo kuna nyingine ambazo mtumiaji hazioni kamwe, ila hakuna kinachofanya kazi bila hizo. Ya kwanza ni orodha ya anwani. Kila taifa lilikuwa na daftari lake la majina na vyeo, na sharti madaftari hayo yalinganishwe mara kwa mara ili afisa wa Norway ampate mwenzake wa Italia bila kumuuliza mtu wa tatu.

Ya pili ni utaratibu wa kutaja majina ya mitambo. Mataifa mawili yakiipa mitambo yao anwani moja, ujumbe hupotea njia kama barua iliyoandikwa jina la mtaa ulio katika miji miwili.

Ya tatu ni saa. Msemaji wa Kiswahili anafahamu vyema utata wa saa mbili ya kwetu na saa mbili ya Kizungu. Kwa tarakilishi, hata tofauti ya dakika chache ni hatari. Jumbe huonekana zimefuatana kinyume, jibu likitangulia swali, na mitambo ya usalama huweza kumkataa mtumiaji halali kwa kudhani kwamba kibali chake kimepitwa na wakati. Ndiyo maana mitambo yote sharti ifuate chanzo kimoja cha saa.

Ya nne ni vyeti vya kidijitali, ambavyo ni mfano wa vitambulisho. Taifa moja linapotoa cheti kwa askari wake, mengine lazima yakubali kukiamini. Hapa ndipo ufundi unapokwisha na siasa kuanza, kwani hakuna waya unaoweza kuleta imani pasipo na makubaliano.

Kwa hakika, kikwazo kikubwa Afghanistan hakikuwa mitambo. Kilikuwa kubadilisha mazoea. Maafisa walikuwa wamefunzwa tangu ujana kwamba habari hupewa yule tu anayelazimika kuijua. Sasa waliambiwa kwamba ni wajibu wao kumpa mwenzao habari kabla hajaiomba. Suluhu ilikuwa kuweka kiwango kimoja cha usiri kwa mtandao mzima, ili kilichowekwa humo kiweze kusomwa na washirika wote. Siri za taifa pekee zilibaki katika mitandao ya nyumbani, na kilichotoka huko kilipitia lango la ukaguzi.

Wenye wasiwasi nao hawakukosa hoja. Julai hiyo hiyo ya 2010, WikiLeaks ilichapisha takriban nyaraka 75,000 za vita vya Afghanistan. Zilikuwa zimetolewa na Chelsea Manning, askari wa Marekani aliyekuwa Iraq, kutoka mtandao wa siri wa nchi yake mwenyewe. Tukio hilo lilionyesha kwamba kila mlango unaofunguliwa kwa wengi huhitaji mlinzi anayeangalia nani amechukua nini. Pia lilionyesha kwamba kumfungia mshirika nje hakumzuii wa ndani kutoa siri.

Somo jingine lilikuwa la muda. Kutoka 2003, NATO ilipochukua uongozi, hadi mtandao wa pamoja ulipoanza, ilipita karibu miaka saba ya vita. Samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa sababu hiyo, NATO na washirika wake walibuni mpango wa Federated Mission Networking, ambao lengo lake ni kwamba mataifa yawe yamekubaliana na kujaribu huduma zao kabla ya vita, ili yaweze kuungana tangu siku ya kwanza.

Mpango huo hutoa viwango kwa awamu. Kila mwaka, wataalamu hukutana mjini Bydgoszcz, Poland, katika mazoezi yaitwayo CWIX, kuthibitisha iwapo mitambo ya taifa moja inaelewana na ya mengine. Nchi zisizo wanachama wa NATO, kama Australia, Austria na Uswisi, zimejiunga pia.

Mpango huo unatambua kwamba mataifa hayalingani kwa uwezo. Lenye uwezo huja na mtandao wake kamili. La wastani huja na sehemu tu na kutegemea mwenzake kwa zilizosalia. Lisilo na mitambo hukaribishwa kama mgeni, ambapo askari wake hutumia tarakilishi za mwenyeji. Lakini anayekaribishwa hufuata masharti ya mwenye nyumba.

Masharti hayo yanazigusa nchi za ukanda huu moja kwa moja. Katika kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, AMISOM, kilichoanza 2007, walihudumu pamoja askari wa Uganda, Burundi, Djibouti, Kenya, Sierra Leone na Ethiopia. Baadhi yao hutumia Kiingereza, wengine Kifaransa, na wengine Kiamhari. Kila jeshi lilipewa eneo lake, na makamanda walilaumiwa mara kwa mara kwa kusikiliza zaidi miji mikuu yao kuliko makao ya kikosi jijini Mogadishu.

Mawasiliano ya pamoja yalitegemea kwa kiasi kikubwa ofisi ya Umoja wa Mataifa iliyoanzishwa 2009 kwa jina UNSOA, na ambayo baadaye iliitwa UNSOS. Kwa maneno mengine, majeshi ya Afrika yalikuwa wageni katika mtandao wa mwingine.

Kambi ya Kenya ya El Adde, eneo la Gedo, iliposhambuliwa na Al-Shabaab alfajiri ya Januari 15, 2016, swali lililoulizwa sana baadaye lilikuwa kwa nini msaada ulichelewa. Mtandao pekee haungelizuia shambulizi hilo. Lakini kambi iliyo peke yake nyikani huishi kwa uwezo wake wa kumfikia haraka mwenzake aliye karibu, hata akiwa wa bendera nyingine.

Kikosi kilichopo Somalia tangu Januari 2025, AUSSOM, kilianza kazi kikiwa na pengo kubwa la fedha. Fedha zinapopungua, anayetegemea mitambo ya mfadhili hana uhakika wa mawasiliano yake.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandalizi haihitaji mabilioni. Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki, EASF, chenye sekretarieti yake Karen, Nairobi, kinaleta pamoja nchi kumi. Umoja wa Mataifa nao una chuo mjini Entebbe, Uganda, kinachowafunza maafisa wa mawasiliano wa vikosi vya amani. Kukubaliana kuhusu orodha moja ya anwani, chanzo kimoja cha saa, vyeti vinavyoaminiwa na wote na kiwango kimoja cha usiri ni kazi inayoweza kufanywa mezani wakati wa amani. Ikiachwa hadi risasi zianze kulia, itafanywa vilevile, lakini gharama yake italipwa na askari aliye kambini, akishika redio ambayo hakuna anayeijibu.