Fisimaji: Wengi Wamemwona, Wachache Wamemtambua

Jina la mnyama huyu limemponza. Mtu asikiapo neno "fisimaji", fikira zake humwendea fisi wa nchi kavu, mla mizoga na mvunja mifupa, akadhani kuwa wa majini ni ndugu yake aliyejifunza kuogelea. Kumbe hawana ujamaa wa karibu hata kidogo. Jamaa za fisimaji ni nyegere, yule tumjuaye kwa kupenda asali na kwa ukorofi wake, pamoja na kicheche. Fisimaji hugusa mzoga kwa nadra sana. Chakula chake ni samaki, kaa na vyura, nacho hukitafuta mwenyewe akiwa hai.

Duniani zipo aina 13 za wanyama hawa, na kwetu Tanzania wanaishi wawili: fisimaji mwenye madoa shingoni na fisimaji asiye na kucha. Wote wawili wamo katika Ziwa Victoria. Hivyo basi, ndugu msomaji, ukiwa mkazi wa Mwanza, Musoma au Bukoba, huenda umekwisha kumwona fisimaji ukiwa ndani ya boti ukamdhania kitu kingine.

Na vitu vya kumdhania ni vingi. Kichwa kinachokata maji chaweza kuwa cha kenge, cha mamba mdogo, au cha ndege mnandi aliyezama mwili wote akaacha shingo tu. Mnandi hasumbui sana kumtambua. Akiibuka shingo husimama wima kama kijiti, na mdomo wake huonekana. Kenge ndiye hudanganya watu. Dawa yake ni kuangalia mkia. Kenge na mamba huupiga mkia kushoto na kulia, kama pezi la samaki; fisimaji huupiga juu na chini, na mwili wake wote hupinda hivyo hivyo. Apigapo mbizi, mgongo huinuka kama upinde, kisha mkia hufuata na kutoweka. Viputo vya hewa huonyesha njia aliyopita, kwa sababu manyoya yake yana tabaka mbili, na lile la ndani hushika hewa inayomkinga na baridi. Hana mafuta mengi chini ya ngozi kama nyangumi. Koti lake ndilo uhai wake. Ndiyo maana kila atokapo majini hutumia muda mrefu kujikausha, kujisugua na kujilamba. Mtazamaji asiharakishe kuondoka wakati huo, kwani hapo ndipo koo lake huonekana vizuri.

Koo ndilo hutoa jibu. Fisimaji mwenye madoa ni mdogo, uzito wake kilo 4 hadi 6 hivi, na manyoya yake ni ya kahawia iliyoiva. Kooni na kifuani ana mabaka meupe au ya rangi ya maziwa, ambayo hayafanani kati ya mnyama mmoja na mwingine. Mtu mwenye darubini na daftari, akiwa na subira, aweza kuchora mabaka hayo na kumjua mnyama yule yule akionana naye mwezi ujao. Fisimaji asiye na kucha ni pande la mnyama, kilo 10 na hata 20. Yeye hana madoa: kidevu, mashavu na koo lote ni jeupe, kana kwamba amefungwa kitambaa cha kulia chakula.

Miguu nayo inatofautiana, na tofauti hiyo si ya sura tu. Mwenye madoa ana utando kati ya vidole vyote na kucha kamili; ni mwogeleaji wa kufukuza samaki, naye huwinda kwa macho. Asiye na kucha ana mikono hasa. Vidole vyake vya mbele havina utando wala kucha, navyo huvipenyeza chini ya mawe na ndani ya matope akimpapasa kaa, huku macho yake yakiweza kuwa yanatazama kwingine. Alama ya mguu wake wa mbele kwenye tope laini hufanana na kiganja cha mtoto mdogo.

Mahali asipoonekana mwenyewe, soma alivyoviacha. Fisimaji huweka kinyesi chake mahali pamoja, mara nyingi juu ya mwamba au ukingo ulio wazi karibu na maji. Cha mwenye madoa ni kidogo, kimejaa magamba na miiba ya samaki. Cha mwenzake mara nyingi kimejaa vipande vya gamba la kaa. Lakini uangalifu unahitajika hapa, kwa kuwa nguchiro wa maji pia hula kaa. Huyo ni mweusimweusi, manyoya yake ni marefu na yamevurugika, koo lake halina weupe, na vidole vyake havina utando.

Baadhi ya wasomaji watauliza: mfanyakazi aliyechoka wiki nzima ana haja gani ya kujua koo la mnyama wa ziwani? Haja ipo, nayo inahusu maji yenyewe. Mnyama anayewinda kwa macho hawezi kuishi penye maji machafu. Mto unapoleta udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, au mji unapomwaga uchafu wake ziwani, mwenye madoa hushindwa kuona samaki, ilhali mwenzake anayepapasa bado aweza kumpata kaa. Mtu anayesema tu "nimeona fisimaji" ametuambia nusu ya habari. Akisema ni yupi, ametueleza pia hali ya maji ya mahali hapo.

Samaki nao wamebadilika. Mtaalamu mmoja Mholanzi, Hans Kruuk, ambaye kitabu chake juu ya fisi kilichotokana na uchunguzi wa Serengeti kilitoka mwaka 1972, baadaye aliwageukia fisimaji. Mwaka 1990 yeye na mwenzake Goudswaard walichapisha uchunguzi juu ya chakula cha aina zote mbili katika Ziwa Victoria, baada ya sangara aliyeletwa katikati ya karne ya 20 kuongezeka na kuwamaliza furu wengi. Mvuvi anayelalamika kwamba fisimaji amemaliza samaki wake afaa kuyakumbuka mageuzi hayo. Mwenye madoa hula zaidi samaki wadogo. Ni kweli kwamba huchukua samaki walionaswa, na kwamba wavu hutoboka, na hasara ya wavu si jambo la kumcheka mtu. Lakini wavu huo wa nailoni humtoboa yeye zaidi: akinaswa chini ya maji hawezi kupanda kuvuta pumzi, naye hufa kwa kukosa hewa. Aina zote mbili sasa zimewekwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Kwa wanaotaka kujaribu bahati yao, Kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, kinasifika kwa fisimaji wenye madoa. Hao huonekana mchana, aghalabu wakiwa kundi, wakiitana kwa mluzi mwembamba. Asiye na kucha hutembea zaidi alfajiri, magharibi na usiku. Chagua siku isiyo na upepo, maana ziwa likiwa na mawimbi kila wimbi ni kichwa. Keti juu ya mwamba ulioinuka, mbali na matete na mafunjo, na watoto wakae nyuma yako. Mamba na kiboko hawatoi taarifa, na maji ya ukingoni yana kichocho. Mbwa abaki nyumbani. Akiibuka, usinyooshe kidole wala usisimame. Subiri azame, halafu hesabu. Kwa kawaida hutoka tena kabla dakika moja haijatimia, hatua chache kutoka pale alipotokea mwanzo, pengine na samaki kinywani, na shingo ikiwa imeinuka.