Damu Ikipita, Mshipa Unaonekana

Mwaka 1927, jijini Lisbon, daktari Mreno Egas Moniz alifanikiwa kupiga eksirei ya mishipa ya damu ya ubongo wa mtu aliye hai. Alipitisha dawa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na kabla hajaipata iliyofaa, mgonjwa mmoja alipoteza maisha.

Leo mishipa hiyohiyo huonekana kwa mashine ya MRI, pasipo mionzi ya eksirei, na mara nyingi hata bila sindano. Kinachoing'arisha ni mwendo wa damu yenyewe.

Sumaku ya tesla 1.5, yenye nguvu karibu mara 30,000 ya ile ya dunia, huelekeza viini vya haidrojeni vilivyo kwenye maji ya mwili. Mashine huvipiga kwa mawimbi ya redio, navyo hujibu. Vikipigwa mfululizo bila kupewa nafasi ya kurudi vilivyokuwa, vile vya nyama iliyotulia hufifia. Damu inayoingia hapo haijapigwa bado, hivyo hujibu kwa nguvu na mshipa hujichora mweupe gizani. Mwendo uliowaudhi wataalamu kwa kuharibu picha ndio walioufanya taa, na kwangu huo ni ustadi wa ajabu.

Mtoto mwenye selimundu, ambaye mishipa ya ubongo wake inaweza kusinyaa na kumletea kiharusi, ananufaika sana. Analazwa chali, masikio yamezibwa, kichwa kimezungushiwa kifaa kama kizimba, mashine inagonga kwa kishindo. Anachotakiwa ni kutulia dakika chache. Kisha daktari anauzungusha mtandao wa mishipa kwenye kompyuta, akitafuta palipobana.

Ila kinachoonekana hapo ni mtiririko, si ukuta wa mshipa. Damu ikivurugika penye mbano, mwanga hupotea na mshipa uliobana tu unaweza kuonekana kama umeziba kabisa. Hapo huenda ikahitajika dawa ya gadoliniamu ichomwe mkononi, lakini mwenye figo zilizoshindwa huchunguzwa kwanza, maana aina za zamani za dawa hiyo zimewahi kukakamaza ngozi na viungo vya wagonjwa wa namna hiyo.

Na aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kichwa aseme kabla hajaingia: baadhi ya vibanio vya zamani vya mishipa huvutwa na sumaku, na kimoja kikisogea ubongoni kinaweza kuua.