Stirio ya Mshahara Mdogo: Fedha Iende Kwenye Spika Kwanza



Mwisho wa mwezi ukifika, Nyamitanga na mitaa ya Mbarara ng'ambo ya pili ya mto Rwizi huvuma kwa muziki. Si vibaya. Mtu aliyesimama kutwa mbele ya mashine ya kiwanda cha maziwa, au aliyechuma chai huko Bushenyi, ana haki ya kupumzika na rumba yake. Linalotusikitisha ni kuona mshahara unapotelea dukani kwa sababu ya namba zilizoandikwa kwenye boksi.

Boksi linasema wati 3000, na pembeni herufi PMPO. Hiyo ni nguvu ya kilele, ya kitambo kidogo mno, inayohesabiwa kwa namna inayompendeza muuzaji. Geuza chombo, usome kibandiko cha nyuma: kinatumia umeme wa wati 40. Ng'ombe anayekula kikapu kimoja cha majani hawezi kutoa pipa la maziwa. Ulizeni wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo.

Na hata wati za kweli zisitutishe. Ukiziongeza mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika wati kama mara kumi. Lakini spika moja ikitoa desibeli 87 kwa wati moja, na nyingine 90, hiyo ya pili imekupa bure kile ambacho ungekilipia kwa kununua amplifaya yenye nguvu mara mbili. Ndiyo maana tunasema: kama redio yako bado nzima, iache, tafuta spika.

Za mitumba zinafaa sana. Ukingo wa sponji ukiwa umeoza, fundi anaweza kuweka mwingine. Bei ipunguzwe kwa hiyo. Gusisha nyaya za spika kwenye betri ya tochi ya volti 1.5, kidogo tu. Koni ikiruka bila kukwaruza, koili iko hai. Angalia ikienda mbele au nyuma, ukatie alama waya uliogusa chanya koni ilipokwenda mbele. Alama hiyo ina faida kubwa: spika mbili zikifungwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi hutoweka. Wengi wamelaumu amplifaya bure kwa kosa hilo. Pia, spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja huwa ohmu 4. Kama amplifaya haikuruhusu hivyo, itaungua.

Kosa jingine ni kusokota pamoja waya wa kushoto na wa kulia ili spika moja itoshe. Katika rekodi nyingi za stirio gitaa moja limewekwa upande huu na jingine upande ule. Huko kujibizana ndiko utamu wenyewe. Weka spika zako mbali kidogo, usawa wa masikio. Zikisogea kwenye kona za ukuta besi inaongezeka, wala hulipi hata shilingi.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapo humo wenzetu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na wengi huishi kwa vibarua vya mashamba. Kwa asiyekuwa na umeme wa waya, hesabu ni ya betri na sola. Betri ya volti 12, saa-ampea 50, ina wati-saa 600. Ya asidi usiitumie kupita nusu, isife mapema. Zinabaki 300. Chombo kinachokula wati 20 kitapiga kama saa 15. Basi nunua amplifaya ya volti 12, ya aina ya gari, uifunge moja kwa moja na fyuzi karibu na betri. Inavata nayo hula umeme wake hata muziki ukinyamaza.

Na mwenye duka akikukopesha, jumlisha malipo yote ya kila mwezi kabla ya kutia sahihi, uyalinganishe na bei ya taslimu. Kisha mwombe apige wimbo unaoujua vizuri, kutoka simu yako, kwa sauti ndogo na kwa kubwa. Akikataa, vuka barabara uende duka la pili.