Mkinge: Tiba, Chanjo au Kinga?

Istilahi ya uganga haitoshi kuwa sahihi katika kamusi. Yapasa iwe sahihi pia masikioni mwa mama aliyempakata mwanawe kliniki. Mfano mzuri tunaupata Nachingwea na Ruangwa.

Mwaka 2001 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Ifakara. Watoto waliopewa dawa ya salfadoksini na pirimethamini, yaani SP, walipopelekwa kupata chanjo za kawaida, walipungukiwa na malaria kwa asilimia 59 katika mwaka wao wa kwanza. Kuanzia mwaka 2005 utaratibu huo ulijaribiwa katika huduma za kawaida za afya katika wilaya tano za kusini, zikiwamo Nachingwea na Ruangwa. Tafsiri ya neno kwa neno ya jina lake la kitaalamu ingekuwa "matibabu ya kinga ya vipindi kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja". Lakini mabango yalibeba jina la neno moja tu: MKINGE.

Tuyapime maneno yaliyoachwa. "Matibabu" humaanisha kwamba mtoto ni mgonjwa, hali aliyepewa dawa hiyo ni mzima. Isitoshe, tangu 2001 hadi 2006 SP ilikuwa ndiyo dawa ya kwanza ya kutibu malaria Tanzania Bara, kabla ya dawa mseto kuchukua nafasi yake. Wazazi waliijua kuwa ni tiba.

"Chanjo" nalo lingepotosha, ingawa dawa ilitolewa siku ile ile ya chanjo. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui. SP haifundishi kitu. Salfadoksini, ambayo ni ya jamii ya salfa, huzuia hatua moja ya utengenezaji wa foleti ndani ya kimelea. Pirimethamini huzuia hatua nyingine ya njia hiyo hiyo. Kimelea kikikosa foleti hakiwezi kuunda DNA, wala kuzaliana. Dawa ikiisha mwilini, ulinzi wake nao hukoma. Mama aliyeambiwa "chanjo" aweza kudhani kwamba chandarua hakihitajiki tena.

"Kingatiba" tayari lina kazi yake: dawa wanayopewa watu wote wa eneo, wenye vimelea na wasio navyo, kama ilivyo kwa matende na trakoma.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huu mwaka 2010. Mwaka 2022 lilibadili jina lake: "matibabu" yakaondolewa, ikawekwa maana ya kukinga kwa dawa. Maana hiyo mabango ya kusini yalikwisha kuibeba.

Hata hivyo, Mkinge ni kitenzi cha kuamrisha, tena hakitaji ugonjwa. Hakiwezi kusimama peke yake katika sera au kitabu cha mafunzo. Hivyo tunapendekeza "dawa kinga ya malaria kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja" katika maandishi rasmi, na Mkinge libaki katika mabango. Tusiandike "watoto wachanga", kwani wengi huelewa kuwa ni waliozaliwa karibuni tu.

Neno "chanjo" hatuna budi kulilinda zaidi sasa. Chanjo halisi za malaria zimekwisha kupendekezwa na Shirika hilo, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Mfasiri akiziita zote kwa jina moja, mama hatajua mwanawe amepata ipi na amekosa ipi.