Kielelezo cha Mazingira na Uamuzi wa Sera: Funzo la Mbung'o wa Tabora

Kielelezo cha mazingira ni picha iliyorahisishwa ya mahusiano: nini kinategemea nini, na kimoja kikipungua kingine kinakuwaje. Kinatusaidia kupima uamuzi kabla ya kuutekeleza. Lakini picha si hali halisi yenyewe, na mara nyingi kilichoachwa nje ya picha ndicho kinachowaumiza wananchi.

Tuangalie Tabora. Katika karne ya 19 misafara ya pembe kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa na kulishwa na mashamba ya Unyamwezi. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki. Penye mashamba yaliyoachwa vichaka vilirudi, wanyama wa porini wakaongezeka tena, na mbung'o akaenea pamoja nao. Malale yakafuata.

Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha wakulima wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi makubwa. Kielelezo chake kilikuwa hiki: mbung'o huishi kichakani, watu wengi wakikaa pamoja watafyeka kichaka, basi mbung'o ataondoka. Ndani ya makazi hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Nje yake, ardhi iliyohamwa iligeuka pori. John Ford mwaka 1971 na Helge Kjekshus mwaka 1977 walitoa hoja kwamba wenyeji walikwisha kuwa na njia zao za kuudhibiti ugonjwa kwa kilimo, moto na mpango wa makazi. Mkulima aliyehesabiwa kuwa mgonjwa tu, kumbe alikuwa nguvu mojawapo ya kumzuia mbung'o.

Funzo hilo lahusu pia kuni za kukaushia tumbaku. Hesabu ni nyepesi: miti iliyopo, kasi yake ya kukua, na kiasi kinachokatwa. Ukataji ukizidi ukuaji, akiba hupungua. Na akiba ikipungua, hata ukuaji wa mwaka ujao hupungua. Hesabu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, ikiishia kwenye miti, itamlaumu mkulima peke yake na kusahau bei ya tumbaku, aina ya bani analotumia na nani anagharamia kupanda miti.

Kwa hiyo kada anayeletewa kielelezo aulize: kimehesabu nini? Kimeacha nini? Wanaoishi katika ardhi hiyo wamekihakiki? Pasipo majibu, kilichoko mezani ni amri iliyovikwa tarakimu.